UZI: Kusoma epistemolojia ya kisasa ngazi ya uzamili ukitokea Lamu. Ushauri wangu: Gettier msome, lakini tasnifu ianze na mwezi mwandamo

Mkaa_Daka:
Wakuu, asalaam aleikum na habari za jioni. Vijana wamekuwa wakinifuata inbox na swali lile lile. Wamemaliza shahada ya kwanza, huyu falsafa, yule dini, mwengine ualimu, na wanataka uzamili katika epistemolojia, yaani ile falsafa inayouliza mtu anajuaje anachojua na ni lini ana haki ya kuamini anachoamini. Sasa waanzie wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nalimwaga lote hapa. Ni refu. Asiye na nafasi apite.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha abishe kwa raha. Wanafunzi wengi huingia somo hili kwa mwanafalsafa Gettier (nitamweleza chini) na kuishia hapo hapo: mwaka mzima wanaunda vimifano na kuvibomoa. Kwa mtu wa Lamu kuna njia yenye rutuba zaidi, nayo ni suala la habari za watu. Ni lini neno la mwenzangu linanifanya nijue, nami sikuona wala sikusikia mwenyewe? Karibu kila tunachokijua tumeambiwa, kuanzia tarehe zetu za kuzaliwa. Na ajabu ni kwamba taaluma yenyewe ililipuuza suala hili kwa muda mrefu. Kitabu kikubwa cha kwanza cha kisasa juu yake, cha C.A.J. Coady, kilitoka 1992. Jana tu.

Haya, Gettier kwa wasiomjua. Mwaka 1963 alichapisha makala ya kurasa tatu katika jarida la Analysis. Kabla yake ilizoeleka kusema kwamba kujua kuna sharti tatu: uamini, unachoamini kiwe kweli, na uwe na sababu ya maana ya kukiamini. Akaonyesha kuwa mtu anaweza kutimiza zote tatu na bado hajui. Mfano wake una watu wawili wanaoomba kazi na sarafu kumi mfukoni. Mimi nitoe wa kwetu. Umesimama gatini, unaona tanga lenye kiraka chekundu likija kutoka upande wa Pate. Unalijua, ni la jahazi la ami yako. Unapiga simu nyumbani: ami kashafika. Kumbe tanga lile liliuzwa kwa nahodha mwengine, na ami mwenyewe alikuja na boti ya mashine tangu asubuhi, amelala zake Mkomani. Uliamini, ikawa kweli, na sababu unayo. Je, ulijua? Wengi husema hapana, umebahatisha.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kuziba tundu ilipoanza. Alvin Goldman, 1967, akadai jambo lenyewe liwe ndilo lililosababisha uliamini. Mwaka 1979 akaja na wazo jengine lililovuma zaidi: imani ina uhalali ikiwa imezaliwa na njia ambayo kwa kawaida huleta ukweli, kama macho mazima mchana wa jua. Robert Nozick, 1981: lau lisingekuwa kweli, usingeliamini. Ernest Sosa akaupindua mtihani huo, akataka imani iwe salama, isiwe ya kukosea kwa urahisi. Kisha Linda Zagzebski, 1994, akawavunja moyo wote: maadamu kati ya sababu na ukweli kuna mwanya, mfano wa aina ya Gettier utapatikana tu. Na mwaka 2000 Timothy Williamson akasema acheni kuyachambua maarifa kwa vipande, yaanzieni yenyewe na mengine muyaeleze kwayo.

Haya yote ni faradhi, utaulizwa. Lakini muhula mmoja unayatosha.

Bahari_Tulivu:
Naweka kambi. Ila maalim, mtoto wa Lamu akasomee "mtu anajuaje" halafu ale nini? Bandari imefunguliwa tangu 2021, wanatafutwa mainjinia na makarani, si wanafalsafa.

Mkaa_Daka:
Swali halali na sitalizunguka. Nafasi za kufundisha falsafa Kenya ni chache. Wengi waliosoma hii huishia kwenye uhariri, utafiti wa mashirika, kazi za kukagua ukweli wa habari, au kufundisha sekondari huku wakiandika. Mwenye wazee wanaomtegemea asiende kwa pesa zake mwenyewe. Bila ufadhili, subiri.

Fundi_Nakshi:
Mfano wa tanga umenikumbusha milango. Tuseme mtaa mzima wamiliki wametundika milango ya kuigiza, ukiitazama kutoka barabarani ni nakshi za kale tupu. Mmoja tu ndio wa kweli. Mgeni anapita, anautazama huo huo mmoja, anasema "huu ni mlango wa kale". Ni kweli, na ameuona kwa macho yake. Anajua?

Mkaa_Daka:
Fundi, hapo umeunda upya mfano maarufu bila kujua! Goldman aliutumia 1976, wake ulikuwa wa maghala ya shambani yenye sura ya mbele tu, na yeye mwenyewe alisema kaupata kwa Carl Ginet. Ubora wake ni kwamba nadharia ya chanzo, ile ya Goldman ya 1967, haiuwezi, kwa sababu mlango wa kweli ndio hasa uliosababisha imani. Na hapa wasomi wenyewe hawakubaliani jibu ni lipi, tofauti na ule wa tanga.

Bint_Shela:
Samahani naingilia. Nyinyi mnasema "wengi husema hapana". Wengi gani? Maprofesa kumi wa chuo kimoja huko ng'ambo? Mimi nyanyangu nikimpa ule mfano wa tanga atasema: si ami kafika? Basi kijana alijua. Yamekwisha.

Mkaa_Daka:
Dada, swali lako lilitikisa taaluma nzima. Mwaka 2001 Weinberg, Nichols na Stich walitoa utafiti uliodai kwamba wanafunzi wenye asili ya Asia ya Mashariki na ya Kusini wanajibu mifano hii tofauti na Wazungu. Kelele zikawa nyingi. Halafu watafiti wengine waliporudia kazi ile, tofauti haikujitokeza, na mwaka 2017 Machery na wenzake wakalinganisha Brazili, Uhindi, Japani na Marekani, wakakuta wengi wa pande zote wanaelekea jibu lile lile. Sasa nyanya yako ni mmoja, lakini Lamu haimo kwenye orodha hiyo. Mwenye kutaka tasnifu ya majaribio, mada hiyo hapo, na msimamizi utampata.

Sasa nije kwenye lile nililotaka kulisema tangu mwanzo.

Chukua usiku wa ishirini na tisa Shaabani, wa kuutazamia mwezi wa Ramadhani. Watu wako ufukweni na juu ya madari. Mmoja anasema ameuona mwezi, magharibi, chini, mwembamba. Wewe hukuuona. Hapo pana epistemolojia nzima ya miaka hamsini hii, na sioni mfano mwengine unaoikusanya hivyo.

La kwanza, kumwamini kwenyewe. David Hume, 1748, alishikilia kwamba neno la mtu lina uzito kwa sababu tu uzoefu wetu umeonyesha kuwa watu kwa kawaida husema kweli. Maana yake neno la mtu halina nguvu yake lenyewe, linakopa kwa macho yangu. Thomas Reid, 1764, akapinga: tumeumbwa na mwelekeo wa kuamini tunachoambiwa, na lau mtoto angesubiri ushahidi kwanza, asingejifunza hata kusema. Mabishano ya leo bado yamegawanyika humo humo. Elizabeth Fricker anataka msikilizaji ampime msemaji huyu, hapa, sasa. Coady yuko na Reid. Jennifer Lackey, 2008, anasema pande zote mbili zina kasoro, mzigo wagawane msemaji na msikilizaji.

La pili, hesabu za falaki. Tuseme una jedwali linaloonyesha kwamba jioni ile mwezi ulizama kabla ya jua. Hiyo inapinga moja kwa moja alichosema shahidi. Lakini tuseme badala yake umeambiwa tu kwamba aliyeuona hakuvaa miwani yake. Hilo halisemi kuwa mwezi haukuwepo, linakata tu uzi kati ya neno lake na jambo lenyewe. John Pollock alizitenga aina hizi mbili, na mtu akishazielewa hataandika tena "ushahidi huu una utata" bila kusema utata wa namna gani. Wasimamizi huuliza hilo kila mara.

La tatu, kutofautiana. Wewe na mwenzako macho sawa, elimu sawa, mko dari moja, mnatazama upande mmoja. Yeye anasema upo, wewe unasema hakuna kitu. Je, upunguze uhakika wako? David Christensen na Adam Elga, wote 2007, wanasema ndiyo, mwenzako ni kipimo sawa na wewe, huna sababu ya kujipendelea. Mfano wa Christensen ni wa watu waliogawana bili mkahawani, mmoja akapata dola 43, mwengine 45. Thomas Kelly alikwisha kukataa 2005: kama mmoja alipima ushahidi vizuri na mwengine vibaya, aliyepima vizuri halazimiki kurudi nyuma kwa sababu tu mwenziwe kakosea. Mimi niko karibu na Kelly, ila kwenye suala la macho, si la hoja, Christensen ananishinda. Bado sijaona aliyetenganisha mambo hayo mawili kwa kina cha kutosha.

Ustadh_wa_Pwani:
Maalim, nimesoma kimya kimya. Haya ya Hume na Reid mbona sisi tunayafundisha darasani kwa jina jengine? Habari ikipokewa na watu wengi katika kila tabaka kiasi kwamba haiwezekani wakala njama ya uongo, hiyo ni mutawatir, inaleta yakini, na hatuulizi uadilifu wa mmoja mmoja. Ikishuka chini ya hapo ni ahadi (si ya kuahidi, bali habari ya mpokezi mmoja mmoja), wengi wa wanazuoni wanasema inaleta dhana yenye nguvu, na hapo lazima umchunguze kila mpokezi: uadilifu, hifadhi, kama kweli alikutana na aliyempokea. Hao wazungu wamechelewa miaka elfu.

Mkaa_Daka:
Ustadh, hapo ndipo ninapotaka watu wachimbe, lakini nakuomba tusiishie kwenye "tulitangulia". Kamati haitakupa shahada kwa kutangulia. Tazama kilichomo ndani ya maneno yako mwenyewe. Umesema katika mutawatir hatumchunguzi mmoja mmoja. Basi yakini inatoka wapi? Haitoki kwa uaminifu wa watu, maana hatujaupima. Haitoki kwenye umbile la kuamini kama anavyotaka Reid, maana katika ahadi umbile hilo hilo hatulitegemei. Inatoka kwenye wingi pamoja na kutoweza kupatana. Huo ni msimamo wa tatu, na kwa ninavyoona hauingii sawasawa kwa Hume wala kwa Reid. Hapo pana sura nzima ya tasnifu.

Na ina jaribio lake tayari. Mwaka 2001 Goldman aliandika makala kuhusu mtu wa kawaida anayewakuta wataalamu wawili wanapingana: amfuate nani? Mmojawapo wa mitihani yake ni idadi ya wanaokubaliana na kila upande. Kisha anaonya. Kama wafuasi wanarudia tu anachosema kiongozi wao, na wangekirudia kiwe kweli au uongo, basi mia wao hawaongezi chochote juu ya yule mmoja. Linganisha na usiku wa mwezi. Simu inalia: "Mwezi umeonekana." Grupu la familia, grupu la msikiti, grupu la waliosoma pamoja, ujumbe ule ule, hata kosa la herufi ni lile lile. Umepata habari thelathini? Umepata moja iliyosafiri sana. Wanahadithi, yaani wataalamu wa hadithi za Mtume, walilijua hili, ndiyo maana njia zote zikikutana kwa mpokezi mmoja katikati ya mnyororo, wingi wa baadaye hauifanyi habari kuwa mutawatir. Lackey naye amembishia Goldman, anasema anayerudia anaweza kuwa na sababu zake za kumchagua anayemrudia, kwa hiyo utegemezi si wa yote au hakuna. Sasa mwanafunzi wa Lamu anayezijua fani zote mbili aingie hapo katikati, aseme: kutojitegemea kwa kiasi gani ndiko kunaua wingi?

Bint_Shela:
Na sisi tulio juu ya madari je? Maana nimesoma hapa "shahidi", "mwenzako", "nahodha", wote wanaume. Mwezi ukionekana na mwanamke neno lake linapokewa vipi? Niliwahi kusikia kuna kitabu kuhusu dhuluma ya maarifa.

Mkaa_Daka:
Miranda Fricker, 2007. Msimchanganye na Elizabeth, ni watu wawili. Anataja dhuluma mbili. Moja, neno la mtu linapunguziwa uzito kwa sababu ya chuki dhidi ya kundi lake, hivyo anadhulumiwa akiwa mjuzi. Ya pili ni nzito zaidi: jamii haina hata dhana ya kulieleza linalokupata, kama wanawake wa Marekani waliosumbuliwa kimapenzi kazini kabla jambo hilo halijapewa jina miaka ya 1970. Baada yake soma Kristie Dotson, 2011, anayeongeza kwamba mtu hunyamazishwa pia kwa kujikata mwenyewe: anapima wasikilizaji, anaona hawatamwelewa, anameza nusu ya maneno.

La fiqhi namwachia Ustadh.

Ustadh_wa_Pwani:
Kwa ufupi, Bi mdogo. Mafaqihi wametofautiana, na mzizi wa khitilafu ni huu: kuutangaza mwezi wa Ramadhani ni ushuhuda kama wa mbele ya kadhi, au ni kupokeza habari kama riwaya, yaani upokezi wa hadithi? Anayeuona ni riwaya anapokea neno la mwanamke mwadilifu. Anayeuona ni ushuhuda anaweka masharti ya ushuhuda. Ama katika riwaya ya hadithi hakuna ubishi, bibi Aisha peke yake amepokewa hadithi zaidi ya 2,000.

Bint_Shela:
Ahsante, Ustadh. Basi swali langu ni kwa nini habari moja, mtu mmoja, macho yale yale, uzito ubadilike kwa kubadilisha jina la kitendo. Nitaliandikia.

Mkaa_Daka:
Liandikie. Hilo lina nguvu kuliko mapendekezo mengi ninayoletewa.

Kijana_Langoni:
Mimi ndiye mmoja wa waliokusumbua inbox, maalim 😅. Sasa wapi? Na niwaandikie nini?

Mkaa_Daka:
Wapi kwanza. Nairobi wana idara ya falsafa, na ndiko mwanafalsafa Odera Oruka alikofanya utafiti wake juu ya wazee wenye hekima. Johannesburg wana kituo mahsusi cha epistemolojia na falsafa ya sayansi kwa Afrika, na mjadala wa kuondoa ukoloni kwenye maarifa unafanywa kwa hoja pale, si kwa kelele. Edinburgh wamekuwa na uzamili wa epistemolojia, maadili na akili unaosomwa mtandaoni. Unaweza kuusoma ukiwa Lamu, ila ada ni ya Uingereza. St Andrews (Uskoti) na Cologne (Ujerumani) wana vituo vya utafiti vyenye nguvu. Ujerumani vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada (jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasio wa Umoja wa Ulaya tangu 2017), lakini viza inakudai uweke pesa za kujikimu katika akaunti ya kufungiwa, na tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka. Usiende kichwa kichwa kwa sababu umesikia "bure".

Maandalizi: kamusi elezo ya falsafa ya Stanford iko wazi mtandaoni bila malipo na ni nzuri kuliko vitabu vingi vya kununua. Soma humo maingizo ya uchambuzi wa maarifa, ushuhuda, na kutofautiana. Jarida la Episteme ndilo la kufuatilia kwa upande wa kijamii. Jifunze mantiki na hesabu kidogo ya uwezekano, angalau kanuni ya Bayes (ya kurekebisha uhakika wako ushahidi mpya ukija) uweze kuitumia kwa mkono, maana hoja ya Goldman ya wafuasi wasiopima imeandikwa kwa lugha hiyo.

Sampuli ya maandishi ndiyo inayoamua, kuliko barua ya kujieleza. Kila idara ina urefu wake, usiuzidishe. Na hapa nakusihi: usiwauzie utamaduni. Msomaji akifungua akakuta kurasa tatu za Mji wa Kale, punda, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, atafunga. Oruka mwenyewe alitenga mzee anayejua mila na kuzihifadhi, na mzee anayezihoji. Sampuli yako iwe ya huyu wa pili. Mutawatir na ahadi ziingie zikiwa hoja zinazofanya kazi dhidi ya Goldman na Lackey, si pambo la utangulizi.

Kijana_Langoni:
Nimeshaandika kurasa kumi na mbili. Za kwanza nne ni historia ya hadithi Lamu 🙈

Mkaa_Daka:
Zikate zote nne. Anza na swali: mashahidi wakitegemeana, wa pili anaongeza nini? Aya moja umweleze Goldman kwa haki, kiasi kwamba hata yeye angeisoma angekubali. Aya ya pili Lackey. Kisha leta sharti la kutoweza kupatana, lieleze kwa mtu asiyejua neno moja la Kiarabu, uonyeshe linaamua kesi gani ambayo hao wawili hawaiamui. Ukikosa kesi hiyo, huna makala bado, rudi utafute. Nitumie ukurasa wa kwanza kabla ya Ijumaa, maana baada ya sala nashika basi la Mombasa na huko simu sishiki sana.

Bahari_Tulivu:
Na mimi nitumie ile ya Goldman, nimegombana na grupu la familia tangu Idi.